Safari ya Tiba ya Uraibu

Maneno huishi kama watu waishivyo: huzaliwa, hukua, huhama, na mara nyingine hubadili tabia. Neno uraibu ni moja katika maneno hayo. Zamani, katika nyumba za pwani yetu, uraibu ulikuwa kitu cha heshima. Mgeni alipokaribishwa barazani aliletewa sinia yenye majani ya tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, akatafuna huku akizungumza na mwenyeji wake. Mchanganyiko huo ndio ulioitwa uraibu. Mgeni hakuona haya kuutafuna, wala mwenyeji hakuona haya kuutoa. Leo neno lilo hilo hutaja maradhi. Mraibu wa siku hizi si mgeni wa baraza; ni mtu ambaye jambo alilolianza kwa hiari yake limemnyang'anya hiari yake.

Liko neno la pili, nalo ni kasumba. Asili yake ni utomvu mkavu wa tunda la mpopi, ambao huitwa pia afyuni. Siku hizi watu hulitumia zaidi kwa maana ya fikira mbaya iliyomkaa mtu kichwani, hata hawezi kuiacha ijapokuwa yamdhuru. Waliolipa neno hilo maana ya pili hawakukosea, maana historia ya tiba ya uraibu ni historia ya kasumba mbili. Ya kwanza ilimshika mgonjwa mwilini. Ya pili iliwashika walio wazima, ikawaambia kuwa mgonjwa huyo hastahili tabibu, astahili askari. Insha hii yaeleza jinsi dawa ya kasumba ya kwanza ilivyopatikana, na jinsi kasumba ya pili ilivyoizuia dawa hiyo njiani kwa karibu nusu karne kabla haijafika kwetu.

Kwa maelfu ya miaka wanadamu wameujua mpopi kuwa hutuliza maumivu. Mapema katika karne ya 19 mfamasia kijana wa Ujerumani, Friedrich Sertürner, alitenga katika afyuni kiini chake chenye nguvu, kikaitwa mofini. Mwaka 1874 mkemia wa Kiingereza, C. R. Alder Wright, aliichemsha mofini pamoja na kemikali nyingine mjini London, akapata kitu kipya. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kukiuza kitu hicho kwa jina la heroini, kiwe dawa ya kikohozi. Tusiwacheke watu wa zama hizo. Kifua kikuu na vichomi viliwaua watu wengi, na dawa iliyonyamazisha kikohozi usiku ilionekana kuwa neema. Ubaya wake ulijitokeza baadaye, wakati maelfu walipogundua kuwa kikohozi kimeondoka, lakini dawa imekataa kuondoka.

Yafaa msomaji aelewe namna heroini ifanyavyo kazi, maana asiyejua maradhi hawezi kuhukumu tiba. Heroini huenda haraka kwenye ubongo na kumpa mtu raha ya muda mfupi. Akiirudia mara nyingi mwili huizoea, nao hauwezi tena kutulia pasipo hiyo. Ikikosekana kwa saa chache, huja mateso ambayo vijana wa pwani huyaita arosto: mifupa huuma, jasho la baridi hutoka, tumbo huharisha, macho na pua hutiririka, usingizi huruka. Akipata kipimo kingine, mateso hayo yote hutoweka kwa dakika chache. Kwa hiyo mraibu wa siku nyingi hatafuti raha tena, anakimbia maumivu. Huamka asubuhi akiwa na deni mwilini, naye hutoka kulilipa kwa fedha yake, kisha kwa vyombo vya mama yake, kisha kwa mali ya jirani. Wazee walisema mazoea yana taabu. Katika maradhi haya taabu hiyo hurudi mara tatu au nne kwa siku.

Mwanzoni mwa karne ya 20 nchi ya Marekani ilikuwa na waraibu wengi wa mofini na heroini. Wengi wao hawakuwa wahalifu. Walikuwa watu wa kawaida, wake kwa waume, walioanza kupewa dawa hizo na matabibu wao. Mwaka 1914 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ijulikanayo kwa jina la Harrison. Kwa maneno yake sheria hiyo ilikuwa ya kodi na uandikishaji, na ilimruhusu tabibu kutoa dawa hizo katika kazi yake ya uganga. Lakini ndani ya ruhusa hiyo mlikuwa na swali: je, kumtibu mraibu ni kazi ya uganga? Mwaka 1919 mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilijibu kuwa tabibu ampaye mraibu mofini ili kumwondolea mateso ya kuikosa hafanyi kazi ya uganga. Kwa jibu hilo mamia ya matabibu walijikuta upande wa pili wa sheria. Baadhi ya miji ilikuwa imefungua kliniki za kuwahudumia waraibu. Ilipofika katikati ya miaka ya 1920 kliniki hizo zote zilikuwa zimefungwa. Wagonjwa hawakupungua kwa kufungwa kliniki. Walihama kutoka chumba cha tabibu wakaenda kwenye kichochoro cha mwuzaji.

Uingereza iliamua vingine. Mwaka 1926 kamati ya matabibu chini ya Sir Humphry Rolleston ilitoa shauri kwamba uraibu ni maradhi, na kwamba tabibu aweza kumpa mraibu dawa kwa kipimo ikiwa mgonjwa huyo haishi vyema pasipo hiyo. Shauri hilo likakubaliwa. Basi kwa miaka mingi maradhi ya namna moja yalikuwa na majina mawili: upande mmoja wa bahari ya Atlantiki aliyeyapata aliitwa mgonjwa, na upande wa pili aliitwa mkosaji. Maradhi hayakuwa tofauti. Kilichotofautiana kilikuwa ni uamuzi wa watu waliokaa mezani wakiwa na kalamu.

Serikali ya Marekani haikuwaacha waraibu bila neno lolote la tiba. Mwaka 1935 ilifungua huko Lexington, katika jimbo la Kentucky, jumba kubwa lililokuwa nusu hospitali na nusu gereza, lenye mashamba ya kulima na ng'ombe wa kukamuliwa. Humo waliishi wafungwa pamoja na watu waliokwenda kwa hiari yao. Walitakaswa miili, wakalishwa, wakafanya kazi katika hewa safi, kisha wakarudishwa makwao. Walio wengi sana walirudia heroini baada ya muda mfupi. Watu wakasema, tazama, hawa hawana nia ya kupona. Wachache waliuliza swali lenye insafu zaidi: je, huenda tiba yenyewe ndiyo iliyopungua?

Mmoja wa wachache hao alikuwa mwanamke, Dakta Marie Nyswander. Alikuwa tabibu wa maradhi ya akili, naye aliwahi kufanya kazi Lexington, akayaona yaliyokuwapo. Mwaka 1956 alitoa kitabu kilichotetea kwamba mraibu atazamwe kama mgonjwa. Kitabu hicho kilisomwa na Dakta Vincent Dole wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York, bingwa wa elimu ya namna mwili utumiavyo chakula. Dole alikuwa ameanza kuusumbukia wingi wa vijana waliokufa kwa heroini katika mji huo. Mwaka 1964 wawili hao walianza kazi pamoja, wakisaidiwa na tabibu kijana, Dakta Mary Jeanne Kreek.

Kwanza waliwapa wagonjwa wachache mofini kwa kipimo, wakaona kuwa haifai. Wagonjwa walikaa vitini wakisubiri kipimo kijacho, na kipimo kilizidi kupanda. Ndipo walipowageuzia dawa nyingine, methadoni. Dawa hii ilikuwa imetengenezwa na wakemia wa Ujerumani katika miaka ya mwisho ya 1930 ili kutuliza maumivu, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikafika Marekani. Ina tabia mbili zenye manufaa. Kwanza, hunywewa kwa mdomo, haina haja ya sindano. Pili, hukaa mwilini muda wa siku nzima au zaidi, ambapo heroini huisha nguvu kwa saa chache. Mgonjwa akipata kipimo kinachomfaa halewi, hapati arosto, na hata akitumia heroini juu yake haoni raha yake ya zamani.

Mabadiliko yaliyofuata yaliwashangaza matabibu wenyewe. Mgonjwa mmoja, ambaye jana yake alikuwa akitazama saa tu, aliomba rangi akaanza kuchora picha. Mwingine aliomba ruhusa ya kurudia masomo aliyoyaacha. Deni la asubuhi lilikuwa limelipwa kwa kikombe kimoja, na mtu aliyekuwa amefichwa chini ya deni hilo akaonekana tena. Mwaka 1965 Dole na Nyswander walitangaza habari za wagonjwa wao 22 wa kwanza katika jarida la matabibu wa Marekani. Maafisa wa idara ya kupambana na dawa za kulevya walimwendea Dole wakamwonya kuwa avunja sheria. Yeye hakukimbia, aliwaalika wamshtaki, ili mahakama iamue. Hawakumshtaki.

Mwaka 1971 Rais Richard Nixon, aliyetangaza kuwa dawa za kulevya ni adui wa kwanza wa taifa, alimteua Dakta Jerome Jaffe kuongoza ofisi mpya ya mambo hayo. Askari wengi walikuwa wakirudi kutoka vita vya Vietnam wakiwa wamezoea heroini, na serikali haikuweza kuwaita wote wahalifu. Fedha zikatolewa na kliniki za methadoni zikaenea katika miji mingi. Hapo msomaji aweza kuona jambo moja. Dawa ilikuwa ile ile ya mwaka 1965. Kilichoongezeka ni sera: ofisi, fedha, sheria na majengo. Tabibu mmoja aliwatibu watu 22. Sera iliwatibu maelfu.

Hata hivyo kasumba ya pili haikutoka upesi. Kliniki hizo ziliwekewa masharti makali kuliko tiba nyingine yoyote. Mgonjwa alitakiwa kwenda kila siku, kunywa mbele ya mtumishi na kuchunguzwa mkojo. Nyingine zilikataliwa na majirani, na nchi nyingi za dunia zilikataa dawa hiyo kabisa. Huenda hali hiyo ingaliendelea hivyo kwa miaka mingi, kama katika miaka ya 1980 usingalizuka Ukimwi.

Virusi vya Ukimwi vilipita katika sindano zilizotumiwa kwa zamu, na kutoka kwa watumiaji vikaenda kwa wake zao, waume zao na watoto wao. Hapo walio wazima walitambua kuwa ukuta kati yao na mraibu haukuwapo kamwe. Ufaransa, ambayo ilikuwa imechelewa sana, iliwaruhusu matabibu wa kawaida tangu miaka ya 1995 na 1996 kuandika dawa nyingine ya jamii hiyo, buprenofini, katika vyumba vyao vya kazi. Wagonjwa kwa maelfu wakatibiwa karibu na nyumbani, na kati ya mwaka 1995 na 1999 vifo vya kuzidisha heroini vilipungua kwa karibu asilimia 80. Ureno nayo, kuanzia Julai 2001, iliacha kumpeleka gerezani mtu aliyekamatwa na kiasi kidogo cha matumizi yake mwenyewe. Badala yake hupelekwa mbele ya kamati ya watu watatu, ambao humwuliza habari zake na kumwonyesha njia ya tiba. Kuuza kulibaki kosa la jinai. Pamoja na sheria hiyo serikali ilipanua vituo vya tiba, maana kumtoa mtu gerezani na kumwacha barabarani si tiba.

Katika upande wetu wa dunia funzo kubwa lilitoka kisiwani. Mwaka 2005, katika Mauritius, zaidi ya watu 90 katika kila 100 waliogunduliwa upya kuwa na virusi vya Ukimwi walikuwa wamevipata kwa sindano za dawa za kulevya. Serikali haikungoja. Mwaka 2006 ilipitisha sheria iliyoruhusu kutolewa kwa sindano safi, na mwaka huo huo ikaanza kutoa methadoni. Februari 2011 Tanzania ilifungua kliniki ya methadoni katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mjini Dar es Salaam. Dawa ilikuwa sasa imevuka bahari na kufika pwani ya Waswahili. Ilibaki kufika kwetu Kenya.

Heroini ilikwisha tutangulia. Katika miaka ya 1980 ilianza kuonekana Mombasa, Malindi na miji mingine ya pwani. Ilipita kwa bahari kutoka Asia ikielekea kwingine, na kila bandari ipitishayo mzigo hubaki na punje zilizomwagika. Watu waliiita unga. Kwanza ilivutwa kwa moshi. Baadaye ilipokuja ile nyeupe, iyeyukayo upesi katika maji, wengi wakahamia sindano. Zikatokea maskani, yaani mapembe ya miji, magofu na vichaka ambamo watumiaji hukutana. Nyumba zilizokuwa zikifungwa kwa komeo jepesi zikatiwa vyuma madirishani, na akina mama wakaanza kulala na funguo chini ya mto kwa kuwaogopa wana waliowazaa wenyewe.

Jibu la kwanza la nchi lilikuwa sheria. Mwaka 1994 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kudhibiti dawa za kulevya. Kama ilivyoandikwa wakati huo, mtu aliyekutwa na heroini ya matumizi yake mwenyewe aliweza kufungwa miaka 20. Sheria hiyo hiyo ilitaja pia vituo vya kuwarekebisha waraibu. Lakini gereza lilikuwapo tayari, na vituo vilikuwa bado kujengwa. Basi mahakimu walipeleka watu mahali palipokuwapo.

Kwa miaka mingi mzigo wa tiba ulichukuliwa na watu wenyewe. Katika miaka ya 1990 ulianzishwa huko Malindi Mradi wa Omari, ukawa na nyumba ya kuwalaza waraibu wanaotaka kuacha. Mombasa, jumuiya ya Kiislamu iitwayo MEWA ilifungua milango yake kwa vijana waliokuwa wakifukuzwa kila mahali. Kazi yao ilikuwa njema, lakini vitanda vilikuwa vichache, na wengi waliotoka humo wakiwa safi walirudi mitaani penye unga ule ule na maskani yale yale. Habari ya Lexington ilikuwa ikirudiwa pwani yetu, ingawa kwa upendo zaidi.

Uchunguzi uliofanywa karibu na mwaka 2011 uliwaamsha wakubwa. Ulionyesha kuwa miongoni mwa Wakenya wajidungao sindano, takriban 18 katika kila 100 walikuwa na virusi vya Ukimwi, kiasi cha mara tatu ya watu wazima wa kawaida. Mwaka 2012 serikali ilitangaza mpango wa kutoa sindano safi. Kelele zikapigwa, hasa pwani. Viongozi wa dini na wazee wa mitaa waliuliza: mtoto wetu apotea, nanyi mwampa sindano? Swali hilo halikuwa la kijinga. Lilitoka katika uchungu. Lakini jibu lake lilikuwapo: sindano safi haimfanyi mtu kuwa mraibu, maana amekwisha kuwa, humfanya awe hai siku atakapokuwa tayari kutibiwa. Mazungumzo yakafanyika misikitini, makanisani na vibarazani, na baadhi ya waliopinga wakageuka kuwa wasaidizi. Hatua kwa hatua nchi ikajifunza kwamba kumwokoa mtu si kumsifu kwa alilolifanya.

Desemba 2014 kliniki ya kwanza ya methadoni ya serikali ilifunguliwa katika Hospitali ya Mathari, Nairobi. Mahali penyewe pana historia. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1910, zama za ukoloni, ikiwa nyumba ya kuwatenga wenye wazimu. Baada ya zaidi ya miaka 100, ndani ya ua ule ule, lilifunguliwa dirisha la kuwarudisha watu katika jamii. Mwaka 2015 ikafuata Malindi, kisha Kisauni mjini Mombasa, na baadaye miji mingine. Mgonjwa huenda asubuhi, hutambuliwa, humiminiwa kipimo chake kikombeni, hunywa mbele ya muuguzi, husema neno ili ijulikane kuwa amemeza, kisha huenda zake. Hutolewa bure. Papo hapo hupimwa kifua kikuu na Ukimwi, na hukutana na mshauri wa kuzungumza naye. Wengine walirudi kazini baada ya miezi michache: kuvua samaki, kuendesha bodaboda, kuuza mboga. Kwa mtu asiyejua, hayo ni mambo madogo. Kwa mama aliyelala na funguo chini ya mto, ni makubwa kuliko uhuru wa nchi.

Sasa tuhesabu. Dole na Nyswander walitangaza kazi yao mwaka 1965. Mathari ilifungua dirisha lake mwaka 2014. Katikati pana miaka 49. Katika muda huo dawa haikuwa siri, wala haikuwa ya bei ya dhahabu. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilikwisha itia katika orodha yake ya dawa za lazima. Kilichokosekana ni uamuzi. Kila nchi ilipoamua, dawa ilifika kwa miaka michache. Kila iliposita, makaburi yaliongezeka.

Wako wasemao kuwa methadoni ni kumtoa mtu katika kilevi kimoja na kumtia katika kingine. Hoja hii yastahili kujibiwa kwa adabu. Ni kweli kuwa methadoni ni ya jamii moja na heroini, na kwamba aiachaye ghafula huumwa. Ni kweli pia kuwa ni hatari ikiwekwa ovyo, maana kipimo cha mtu mzima chaweza kumwua mtoto, na ikichanganywa na pombe huzuia pumzi. Ndiyo sababu hutolewa na hospitali, haiuzwi dukani. Lakini maradhi hayapimwi kwa jina la dawa. Hupimwa kwa maisha ya mgonjwa. Mwenye kisukari hudunga insulini kila siku, wala hatumwiti mtumwa wa insulini, kwa sababu twamwona akilima, akifundisha na kulea. Mraibu wa heroini huamka akitafuta mahali pa kuiba. Mgonjwa wa methadoni huamka akitafuta usafiri wa kwenda kazini. Asiyeona tofauti kati ya watu hao wawili ameshikwa na ile kasumba ya pili.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba safari imekwisha. Tumtwae mtu akaaye Watamu ambaye hutibiwa Malindi. Kwenda ni zaidi ya kilomita 20, na kurudi ni vivyo hivyo. Akienda kila siku kama atakiwavyo, kwa mwaka mmoja hutembea zaidi ya kilomita 14,000, na kabla ya miaka mitatu kwisha atakuwa amesafiri mwendo wa kuizunguka dunia nzima, kwa ajili ya kikombe kimoja cha asubuhi. Dawa ni bure, nauli si bure. Mwanamke mwenye mtoto mchanga, ambaye huogopa kuonekana na majirani akiingia langoni, ana mzigo mwingine juu ya huo. Na kijana afikaye akakuta askari karibu na lango hugeuka nyuma, hata akiwa hana kitu mfukoni. Kwa hiyo mlango wa tiba waweza kuwa wazi, na njia iendayo mlangoni ikawa imezibwa.

Liko pia jambo la fedha. Sehemu kubwa ya tiba hii nchini ilijengwa juu ya misaada ya nchi za nje, hasa ya Marekani katika mpango wake wa kupambana na Ukimwi. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na huduma nyingi za namna hiyo zikatikisika kwa siku chache tu. Anayetegemea kisima cha jirani hunywa kwa ruhusa ya jirani. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu hicho hakikumtoa mraibu. Tiba yake yapaswa kuhesabiwa katika bajeti ya taifa na ya kaunti, pamoja na chanjo za watoto na vyandarua vya mbu.

Wala tusisahau kuwa methadoni hutibu jamii moja tu ya uraibu. Haina kazi kwa mlevi wa pombe, naye ndiye mraibu tuliye naye kwa wingi zaidi katika vijiji vyetu. Huyo ahitaji dawa nyingine, ushauri na watu wa kumshika mkono, tena karibu na kwao. Lakini kanuni ni ile ile: tiba isiyofikika ni sawa na tiba isiyokuwapo.

Basi kijana usomaye insha hii, huenda kesho ukawa muuguzi, hakimu, diwani, askari au mzazi. Katika kila cheo hicho utakutana na mraibu, na utapewa nafasi ya kufungua mlango au kuufunga. Wazee wetu walisema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kuwa hatungoji mgonjwa aombe, wala hatumwulizi kama astahili; twapika, twampelekea, twamwinua kichwa anywe. Historia niliyoieleza ni ya uji uliopikwa mwaka 1965 ukaachwa jikoni miaka mingi, huku wenye nyumba wakibishana kama mgonjwa ni mtu mwema. Kazi ya kizazi chenu ni kuufikisha kitandani ungali na moto.